Viazi vya Kuoka vya Nyumba ya Dobi

Dobi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alifua mashuka, mapazia na makoti ya madaktari kutwa nzima. Akirudi nyumbani, alifua tena. Hakuna doa lililomshinda, na hakuna tope lililolala nyumbani kwake. Watoto wake wawili walijua kuvua viatu mlangoni kabla hawajajua kuhesabu.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Majirani walimwita Fundi, basi. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda katika kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba. Alipenda moto mkali na kazi ya haraka. Chuma kikikataa, aliongeza moto. Kikikataa tena, aliongeza tena.

Chumba cha pili kilikuwa cha mama yake Fundi. Nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi ndiye aliyewalea wale watoto wawili wakati Dobi akiwa kazini. Aliwafundisha kuongea. Aliwafundisha pia kujibu, jambo ambalo Dobi hakulishukuru sana.

Asubuhi moja Dobi alitoka chumbani kwa Bibi na kikombe cha uji chenye mfuniko mkononi. Kilikuwa kimejaa, kama kilivyoingia.

"Hakunywa?" Fundi aliuliza.

"Amesema ameshiba."

"Ameshiba nini?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akasema ameshiba maswali."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Bibi alikuwa ameng'olewa meno kwenye kliniki, karibu yote. Fizi zilikuwa zimepona vizuri. Lakini tangu hapo aliletewa uji asubuhi, uji mchana, na supu ya kuchujwa jioni. Kila alicholetewa alikigusa tu na kukirudisha. Gauni lililokuwa likimkaa vizuri sasa lilimning'inia mabegani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

Mchana ule alifika kaka yake Fundi. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa sauti ya kushindana na injini. Aliingia kumsalimia mama yake. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama amebaki mifupa," alisema.

"Kaka, tunajitahidi," Fundi alijibu.

"Sikusema hamjitahidi. Nimesema amebaki mifupa." Kisha Dereva akamgeukia Dobi. "Shemeji, usinielewe vibaya. Mimi nakwenda safari. Nikirudi mwisho wa mwezi nikamkuta bado yuko hivi, namchukua. Atakaa kwangu."

"Kwako atakaa na nani?" Dobi aliuliza. "Wewe uko barabarani. Mkeo yuko dukani kutwa."

"Atakaa na televisheni. Lakini atakula."

Hoja ilikuwa mbovu. Lori liliondoka. Dobi akabaki mlangoni, ameshika tama. Alimpenda mama mkwe wake. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, na ugomvi wao mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya namna ya kukunja mashuka. Tena alijua watu watasema nini. Watasema mkwe alimshindisha njaa mama wa watu hadi akahamishwa. Wazo hilo lilimuuma sana.

Aliingia chumbani kwa Bibi, akaketi pembeni ya kitanda.

"Mama, umemsikia shemeji?"

"Nani hakumsikia? Mtaa mzima umemsikia."

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Kule nitaongea na ukuta."

"Basi kula, mama. Niambie unataka kula nini, mimi nitapika."

Bibi alifikiri. "Nataka kiazi kitamu. Cha kuoka. Kile kinacholainika chenyewe, kitamu hadi kinanata vidoleni. Usiniletee cha kuchemsha. Cha kuchemsha ni uji uliokataa kusagwa."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta machache ya viazi vitamu, vile vyenye rangi ya chungwa ndani. Dobi alichukua jembe siku hiyohiyo. Alichimba kwa pupa, na jembe likavikata viazi kadhaa. Vyote vilitoka na udongo mwingi. Dobi aliutazama udongo ule kama anavyolitazama doa kwenye shuka jeupe. Akaviloweka viazi kwenye beseni. Akavisugua kwa brashi ngumu ya kufulia hadi maganda yakachubuka. Vilipong'aa, akavitia kwenye mfuko wa nailoni vikiwa bado na majimaji. Akaufunga mfuko, akausukuma chini ya meza ya jikoni. Aliridhika. Viazi safi namna ile hakuwahi kuviona.

Jumapili, wote wakiwa nyumbani, Fundi alijitolea kuoka. Mambo ya moto yalikuwa yake, alisema.

Dobi alifungua mfuko, akarudisha kichwa nyuma. Harufu ilikuwa mbaya. Viazi vilivyokatwa na jembe vilikuwa vimeota ukungu. Vingine vilikuwa vimeanza kuteleza. Alichagua vilivyobaki vizima, vikubwa kwa vidogo, akampa mumewe.

Fundi alijaza mkaa kwenye jiko. Kisha akaleta feni ndogo kutoka kibandani, ile anayotumia kupulizia moto. Makaa yakawa mekundu, yakazidi kuwa mekundu. Akavitia viazi kwenye sufuria, akafunika, akasimama pembeni na mikono kiunoni.

"Sasa hivi tu," alisema. "Utaona."

Waliona. Moshi mzito ulitoka kwenye sufuria, ukaingia dirishani, ukazunguka sebule, ukatokea mlangoni. Nje viazi vilikuwa vyeusi tii. Ndani vilikuwa vigumu, vikikatika kwa kelele kama karoti mbichi. Fundi hakukata tamaa. Alivikwangua, akavikata vipande, akavimwagia sukari nyingi na kuvirudisha palepale. Sukari ikaungua. Sasa vilikuwa vyeusi, vigumu na vichungu.

Hata hivyo walimpelekea Bibi kipande kimoja, kwa sababu alikuwa amengoja tangu asubuhi. Bibi alikibonyeza kwa kidole. Akakigonga kwenye ukingo wa sahani. Kililia ko ko ko.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "hiki umekipika au umekichomelea?"

Fundi alicheka mwenyewe. Dobi hakucheka. Alirudi jikoni, akavimwaga vile viazi kwenye pipa la taka.

Moshi ulikuwa umeshavuka ukuta wa jirani. Huko aliishi mwanamke aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Watu wote walimwita Bi Mkate, hata mumewe.

"Hodi humo! Kuna usalama?" Bi Mkate aliita kutoka mlango wa nyuma.

"Karibu," Fundi alijibu. "Usalama upo. Chakula ndicho hakipo."

Bi Mkate aliingia, akatazama sufuria, akatazama feni, akakohoa. Dobi akamweleza yote. Alimweleza habari za meno, za uji, za shemeji yake na lori lake, na za mwisho wa mwezi. Bi Mkate alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauvuta ule mfuko wa nailoni, akatoa kiazi kimoja.

"Hivi vimechimbwa lini?"

"Wiki hii hii."

"Na vimeoshwa lini?"

"Saa ileile! Vilikuwa na matope!"

"Sasa dada, kiazi kitoke wapi bila matope? Kwani kimetoka kitandani?"

Bi Mkate alivuta kigoda, akaketi.

"Sikiliza. Kiazi kikichimbwa leo, bado hakijawa kitamu vizuri. Ndani kimejaa wanga. Ukikiacha kikae wiki moja na ushei mahali pakavu, penye joto na hewa, sehemu ya wanga inageuka kuwa sukari. Na kile kilichochubuka kidogo, ngozi yake inakauka na kufunga kama kidonda. Lakini ukikisugua, unakichubua zaidi. Ukikifungia kwenye nailoni kikiwa na maji, kinatoka jasho. Halafu kinaoza."

"Kwa hiyo nisivioshe?"

"Utaviosha siku ya kupika. Kabla ya hapo, kung'uta udongo kwa mkono, basi."

"Vikae na udongo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndani ya nyumba yako. Kwenye kivuli, visipigwe na jua."

Fundi aligeukia ukutani ili mke wake asione anavyotabasamu. Bi Mkate alimwona.

"Na wewe usifurahi. Moto ule ulikuwa wa kuunganisha reli. Moto mkali unaunguza nje kabla joto halijafika katikati. Tena kiazi kinazidi kuwa kitamu kikipata joto polepole. Ukikikimbiza, utamu unabaki humohumo. Ndiyo maana ukakimbilia sukari."

"Lakini hatuna tanuri," Fundi alisema.

"Mna sufuria kubwa, mna sufuria ndogo, mna mkaa. Hilo ni tanuri. Kinachokosekana ni mfuniko wa kubeba makaa juu, ili joto litoke juu na chini."

Fundi alisimama wima. Sasa mazungumzo yalikuwa yamefika kwake. Alitoka, akarudi na debe lililokuwa na rangi ya milango.

"Nikikata hapa chini, nikakunja ukingo..."

"Hapana," Bi Mkate alisema. "Chombo kilichowahi kubeba rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya gari hakirudi jikoni. Hata ukisugue vipi."

"Basi bati la paa pia halifai," Fundi alisema, akiliweka debe chini. "Lile lina zinki. Likipata moto mkali linatoa moshi wenye sumu. Hilo sisi mafundi tunalijua. Nitatafuta chuma kitupu."

"Chuma kitupu, safi. Hapo sawa." Bi Mkate akamgeukia Dobi tena. "Bibi amepimwa kisukari?"

"Alipimwa kabla ya kung'olewa meno. Walisema hana."

"Vizuri. Angekuwa nacho ningekwambia uulize kliniki kwanza ale kiasi gani. Na jambo jingine. Hiki ni chakula cha pembeni. Kiazi peke yake hakitoshi kujenga mwili. Kiweke kando ya maharage yaliyoiva sana, au yai, au samaki aliyetolewa miiba."

Kesho yake Dobi alichimba viazi vingine. Safari hii alipiga jembe mbali na shina, kisha akafukua kwa mkono. Vilivyokatika alivipika siku hiyohiyo. Vizima alivitandaza juu ya gunia kwenye ukumbi wa nyuma, bila kugusana, na udongo wake. Kila akitoka kazini alilazimika kuvipita. Alivipita haraka, akitazama mbele.

Alasiri moja Fundi alimkuta amechutama mbele ya gunia. Mkononi alikuwa na kitambaa kibichi.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Naviangalia tu."

"Kwa kitambaa?"

"Kitambaa nilikuwa nacho mkononi."

Fundi alikichukua kile kitambaa taratibu, akaenda nacho. Naye alikuwa na majaribu yake. Alikuwa ametengeneza mfuniko mzuri wa chuma, wenye ukingo ulioinuka ili makaa yasianguke, na mshikio mrefu wa kuunyanyulia. Kila alipoutazama alitaka kuujaribu kwa moto mkubwa. Mwishowe aliichukua ile feni, akaifungia kibandani.

Wakati huo Bibi aliendelea na uji wake, yaani aliendelea kuurudisha. Mwezi ukafika katikati. Dobi alianza kuamka akihesabu kichwani siku zilizobaki, ingawa hakumwambia mtu.

Bi Mkate alipopata siku ya mapumziko, alikuja. Alichukua kiazi kimoja kwenye gunia, akakikata, akalamba ncha ya kisu.

"Tayari," alisema. "Leo tunaoka. Toeni jiko nje."

"Si tunaweza kupikia jikoni?" Dobi aliuliza. "Kuna upepo."

"Jikoni kwenu kuna dirisha moja, na huwa mnalifunga. Mkaa unatoa hewa ya sumu. Haionekani na hainuki, lakini inaua. Tutaoka uani."

Walichagua viazi vya wastani vinavyolingana, ili vyote viive pamoja. Sasa ndipo Dobi alipoambiwa aoshe. Aliosha kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kifungoni. Akamenya, akakata vipande vinene kama kidole gumba. Akapaka siagi ndani ya sufuria ndogo, akavipanga vipande vikilaliana. Bi Mkate akakamulia chungwa moja juu yake, akanyunyiza chumvi kidogo na mdalasini kidogo, kisha akamimina kijiko cha asali.

"Kijiko kimoja tu?" Fundi aliuliza.

"Kimoja. Kazi nyingine viazi vimeshaifanya vyenyewe pale kwenye gunia."

Ndani ya sufuria kubwa walikuwa wametandaza mchanga mkavu na safi, ukapashwa moto kwanza. Mchanga ule huzuia chakula kuungua chini. Wakaiweka sufuria ndogo juu yake, ikiwa imefunikwa. Juu ya sufuria kubwa ukaja mfuniko wa Fundi. Makaa machache yakabaki chini. Mengine yakapangwa juu ya mfuniko, kwa koleo.

Kisha wakakaa. Kwa Fundi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu.

"Niongeze mkaa kidogo?"

"Usiongeze."

"Nifunue nione tu?"

"Ukifunua, joto lote linatoka. Kaa."

Alikaa. Alisimama. Alizunguka ua. Alikaa tena. Saa nzima ilipita na zaidi. Harufu ilianza polepole, kwanza ya chungwa, halafu ya kitu kizito na kitamu kilichowatoa watoto ndani bila kuitwa. Bi Mkate alifunua, akachoma kipande kwa kijiti. Kijiti kilizama bila kusukumwa. Akauondoa mfuniko wa sufuria ndogo, akarudisha ule wa Fundi wenye makaa kwa muda mfupi, ili viazi vikauke juu na kung'aa.

Dobi alionja. Kipande kililainika mdomoni bila meno kufanya chochote. Kilikuwa kitamu hadi alifumba macho. Alimtazama mumewe, na Fundi akaona kwamba mke wake anatabasamu. Hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu lori lilipoondoka.

Haraka Dobi akapakua sahani ya Bibi, akaweka viazi na maharage laini pembeni, akafunika, akapeleka chumbani. Alisimama mlangoni kungoja. Sebuleni wengine walianza kula.

Bibi alikula kipande kimoja. "Ni vitamu," alisema. "Hivi ndivyo nilivyotaka. Mungu akubariki." Kisha akaisukuma sahani.

Dobi aliitazama ile sahani. Aliketi sakafuni, palepale mlangoni, akalia.

"Mama, nifanye nini? Niambie. Nimepika ulichotaka. Shemeji anarudi, na wewe huli. Watakuchukua, mama. Mimi nitabaki na nani humu?"

Sebuleni watoto walikuwa wanamcheka baba yao kwa jambo fulani. Vijiko viligonga sahani.

"Unawasikia?" Bibi aliuliza.

"Nani?"

"Wale. Wanakula, wanacheka. Mimi naletewa kikombe chenye mfuniko. Tangu nitolewe meno hakuna aliyeniita mezani. Mnanipikia changu, mnaniletea huku, halafu mnasimama hapo mlangoni mnanitazama kama mnampima mgonjwa homa. Chakula kinanikwama hapa." Alijigusa kooni.

Dobi alifuta macho. "Tulidhani unaona haya kula mbele ya watu bila meno."

"Naona haya, ndiyo. Lakini haya nitaizoea. Upweke sijauzoea."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Kila siku mnaniuliza nataka kula nini. Hakuna aliyeniuliza nataka kulia wapi."

Dobi aliinuka. Aliona aibu na akaona nafuu, vyote kwa pamoja. Alichukua sahani kwa mkono mmoja, akampa Bibi mkono wa pili. Walitoka chumbani polepole. Sebuleni watu wote walinyamaza. Kisha mtoto mmoja akasogea, mwingine akasogea, na nafasi ikapatikana katikati yao.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi alisema akiketi. "Mlikuwa mnamcheka baba yenu kwa nini? Nami nicheke."

Kumbe Fundi alikuwa ameunguza ulimi. Mtu aliyekaa na moto miaka yote hakuweza kungoja kiazi kipoe. Bibi alicheka hadi fizi zote zikaonekana, na hakuna aliyezijali. Alimaliza sahani yake. Akaomba maharage mengine.

Tangu siku hiyo kikombe chenye mfuniko kilirudi kabatini. Dobi aliacha kupika vyungu viwili. Alipika chakula kimoja laini ambacho nyumba nzima ilikula. Kulikuwa na maharage yaliyopondwa kidogo, mayai, samaki asiye na miiba, na mboga zilizokatwa ndogondogo. Viazi vya kuoka vilikuja mara kwa mara, kando ya sahani. Ukumbi wa nyuma haukukosa gunia lenye viazi na udongo wake. Dobi aliwaambia wageni ni vya mumewe.

Alimpeleka Bibi kliniki. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani.

"Ameongezeka," muuguzi alisema.

"Sana?" Dobi aliuliza.

"Si sana. Lakini anapanda, hashuki tena. Endeleeni hivyohivyo."

Dobi alishukuru, ila moyo haukutulia. Si sana, muuguzi alisema. Je, shemeji yake ataridhika na kidogo?

Dereva alifika mwisho wa mwezi, kama alivyosema. Walilisikia lori kabla ya kuliona. Nyuma ya kiti chake alikuwa ameshatandika godoro na mto kwa ajili ya safari ya mama yake. Aliingia bila kubisha, akasimama.

Familia ilikuwa mezani. Bibi alikuwa ameketi kati ya wajukuu. Alikuwa anamaliza maharage na kiazi, huku akimkosoa Fundi juu ya dirisha fulani alilolipindisha. Mashavu yake hayakuwa yamejaa, lakini yalikuwa yamerudi. Dobi aliweka kijiko chini.

"Umekuja kunichukua," Bibi alisema.

"Nimekuja kukuona, mama," Dereva alijibu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umeniona. Nimenenepa?"

"Bado, mama. Lakini..."

"Lakini nakula. Na ninakula hapa. Mimi sitoki kwenye meza hii, mwanangu. Kwako nitakula nikitazama watu wa televisheni, nao hawatanitazama."

Dereva alivua kofia. Alimtazama mama yake, akatazama sahani yake, kisha akamtazama Dobi.

"Shemeji," alisema, "siku ile nilikuambia maneno makali. Nisamehe. Mama abaki hapa kwenu."

"Kaa," Dobi alisema. "Ngoja nikuletee sahani."

Aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia kidogo, kwa sababu hofu iliyokaa naye mwezi mzima ilikuwa inatoka. Kisha akanawa uso, akajifuta, akachukua sahani safi.

Aliporudi, Dereva alikuwa ameshaketi karibu na mama yake. Kwenye bakuli vilikuwa vimebaki vipande viwili vya viazi. Bibi aliipokea sahani kutoka kwa Dobi kabla mtu mwingine hajaigusa. Kipande kimoja alimpakulia mwanawe. Kingine alijiwekea yeye.